Mjadala: Marekani kutumia sarafu za Hispania hadi 1857, ilikuwa aibu au akili?

Mleta mada:

Wadau, salaam. Kila tukigusa suala la sarafu, hoja moja haikosi: nchi inayoacha watu wake walipane kwa fedha ya wageni imeuza uhuru wake. Wenye hoja hiyo hupenda kutoa mfano wa Marekani, kana kwamba dola ilizaliwa siku moja na bendera. Ukweli ni kwamba Marekani ilijitangazia uhuru mwaka 1776, na hadi Februari 1857 raia wake walikuwa bado wanaruhusiwa kisheria kulipana kwa sarafu zenye sura ya mfalme wa Hispania.

Msimamo wangu nautaja mapema. Naona walifanya jambo la akili, na anayepinga namkaribisha aje na hoja.

Tuanze na hali waliyorithi. Uingereza haikutaka makoloni yake yafue sarafu, na sarafu zake yenyewe haikutaka zitoke nje. Watu wa Boston walijaribu. Mwaka 1652 John Hull alianza kufua shilingi pale, na zinazojulikana zaidi ni zile zenye mchoro wa msonobari. Lakini hata madini aliyoyeyusha yalitoka kwa wingi kwenye sarafu za Kihispania, na miaka ya 1680 kazi ile ikakoma. Fedha ya kushikika ililetwa na biashara. Meli za kaskazini zilibeba samaki wakavu, mbao na unga hadi visiwa vya Karibi, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, zikarudi na dola za Kihispania.

Dola hiyo ilikuwa na reale 8 (reale ni kipimo kidogo cha fedha ya Kihispania) na uzito wa gramu 27 hivi. Ilifuliwa Mexico City, Lima, Potosí na kwingineko. Kuanzia 1732 kiwanda cha Mexico City kilianza kuzifua kwa mashine na kuziwekea nakshi ukingoni, hivyo aliyekwangua madini pembeni alijulikana mara moja. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa jambo zima. Mfanyabiashara wa Philadelphia hakuwa na haja ya kumpenda mfalme wa Madrid. Alitazama ukingo, akapima, akapokea. Chenji ikikosekana, watu walichukua patasi wakaikata dola nusu, robo, hata thumuni. Desturi hiyo iliota mizizi kiasi kwamba soko la hisa la New York liliendelea kutaja bei kwa thumuni za dola hadi 1997.

Sasa njooni kwenye vita. Mwaka 1775 Congress, yaani bunge la makoloni yaliyoasi, ilianza kuchapisha noti za kugharimia mapambano, na juu ya noti ikaandikwa kwamba mwenye nayo anastahili kulipwa dola za Kihispania. Dola zenyewe hazikuwepo za kutosha. Noti zikaendelea kuchapishwa, thamani ikaporomoka, na kufikia 1781 ilikuwa shida kumpata wa kuzipokea. Hiyo ndiyo ilikuwa fedha yao wenyewe, yenye maneno yao na nembo zao, na ndiyo iliyowafilisi askari na wajane. Sarafu ya mgeni haikuwafanyia hivyo.

Ndiyo maana nawasifu kwa walichofanya baadaye. Mwaka 1785 Congress ilichagua dola iwe kipimo cha fedha cha taifa. Sheria ya 1792 iliyoanzisha kiwanda cha sarafu cha Philadelphia ikasema wazi kwamba dola ya Marekani itakuwa na thamani ya dola ya Kihispania kama ilivyokuwa ikitumika wakati ule. Walichukua kitu ambacho watu walikwisha kukiamini, wakakifanya msingi. Kiwanda kilipofua dola za fedha kwa mara ya kwanza, Oktoba 1794, zilitoka 1,758. Sensa ya 1790 ilikwisha kuhesabu watu karibu milioni 4. Kama sarafu za wageni zingepigwa marufuku siku ile, mkulima wa Pennsylvania angelipa kodi kwa kitu gani?

Nawasilisha.

Mdau, Morogoro:

Mkuu, historia umeipanga vizuri, ila hitimisho silikubali. Hukutaja zile dola za Philadelphia ziliishia wapi.

Wafanyabiashara walizisafirisha hadi Karibi, wakabadilishana moja kwa moja na dola za Kihispania, ingawa za Kihispania zilikuwa na madini zaidi kidogo. Wakarudi nazo, wakazipeleka kiwandani ziyeyushwe na kufuliwa kuwa dola mpya nyingi zaidi, kisha safari ikaanza upya. Gharama ya kufua ilibebwa na umma na faida ikaenda kwa wenye meli. Mambo yaliharibika hadi mwaka 1806 serikali ya Jefferson ikaagiza dola za fedha zisifuliwe tena, na ilipita miaka kama 30 kabla hazijarudi. Taifa lenye dola kwenye vitabu vya hesabu lakini halina dola yake mifukoni mwa watu, hiyo ni akili ya namna gani?

Halafu kuna mnyonge. Sarafu ndogo za Kihispania zilizunguka miongo na miongo zikachakaa hadi maandishi yakafutika. Ile ya reale 2 ilipita sokoni kama senti 25, lakini sheria ya 1857 iliagiza ofisi za serikali ziipokee kwa senti 20 tu. Mwenye benki alijua mapema akaziepuka. Zilibaki kwa mchuuzi na kibarua. Nchi yenye sarafu yake yenyewe ingekuwa imewakinga watu hao miaka 50 kabla.

Mdau, Mombasa:

Nyote wawili mnazungumzia sarafu kana kwamba ilidondoka kutoka mbinguni ikiwa tayari imefuliwa.

Mlima wa Potosí, Bolivia ya leo, ulianza kuchimbwa mwaka 1545. Miaka ya 1570 gavana mkuu wa Hispania huko Peru, Francisco de Toledo, aliupanga mfumo wa mita: jamii za wenyeji wa Andes zililazimishwa kutoa takriban mwanamume mmoja kati ya saba kila mwaka aende mgodini. Wengine walipelekwa Huancavelica kuchimba zebaki ya kusafishia madini, na ile sumu iliwaua kwa vumbi na mvuke. Mfumo huo haukufutwa hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo ndugu mleta mada anaposifu uaminifu wa sarafu hiyo, namwomba ataje pia ni nani alilipia uaminifu huo. Upande wa pili wa safari ulikuwa sukari ya watumwa, na hilo amelipitia kwa nusu sentensi.

Wala tusidhani mkondo huu haukutugusa. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuja Zanzibar na nguo za merikani pamoja na dola za fedha, wakanunua pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833. Pembe zile zilifika pwani mabegani mwa wapagazi, baadhi yao hawakuwa huru. Kuna mtu anaweza kuniambia mjadala wa nani alikuwa na akili Philadelphia unawafaa nini watu hao?

Mdau, Kampala:

Niongeze dogo tu. Ecuador ilianza kutumia dola ya Marekani mwaka 2000, El Salvador 2001, Panama tangu 1904. Zote zilikuwa chini ya mfalme wa Hispania. Sarafu iliyotoka kwao kwenda kaskazini imewarudia ikiwa na jina la mwingine. Kabla ya kusema ni aibu au akili, tuangalie nani ana nguvu ya kuamua lini aiache. Marekani ilikuwa nayo. Ecuador sina hakika kama inayo.

Mleta mada:

Ndugu wa Mombasa, ulichosema kinasimama na sina la kukipunguza. Mada yangu ilikuwa sheria ya fedha, lakini fedha hiyo ilichimbwa kwa shuruti, na kila anayeisifu anapaswa kulitaja hilo. Nimelipokea.

Wa Morogoro, wewe bado nina neno nawe. Mzunguko ule wa Karibi ulitokana na dola ya Philadelphia kufuliwa nyepesi kidogo, huku kiwanda kikimpokea yeyote aliyeleta madini. Ungepiga marufuku dola ya Kihispania madukani, mwenye meli angeendelea kuileta kiwandani kama madini na kupata faida ile ile.

Na kuhusu mnyonge, sheria uliyoitaja umeisoma upande mmoja. Ni kweli ofisi za serikali zilipokea reale 2 kwa senti 20. Lakini sheria hiyo hiyo iliagiza kiwanda cha sarafu, kwa miaka 2, kizibadilishe kwa senti mpya kwa thamani kamili ya jina: senti 25 kwa reale 2, senti 12 na nusu kwa reale 1, na senti 6 na robo kwa nusu reale. Senti mpya zilipoanza kutolewa Philadelphia, Mei 1857, watu walifurika wakiwa na vifurushi vya sarafu zilizochakaa. Hasara ya uchakavu ilibebwa na hazina.

Tazama pia mpangilio wa hatua zenyewe. Dhahabu ya California ilianza kumiminika baada ya 1848, madini ya fedha yakapanda thamani ikilinganishwa nayo, na sarafu ndogo za fedha zikawa zinayeyushwa au kusafirishwa nje. Mwaka 1853 madini kwenye sarafu ndogo za Marekani yalipunguzwa ili zisiyeyushwe wala kusafirishwa, zikaanza kuenea mikononi mwa watu. Marufuku ilikuja miaka 4 baadaye, chenji ya kutosha ikiwa tayari ipo. Kwa hiyo nakuuliza swali moja tu, na ukinijibu nitabadili msimamo: nitajie mwaka mmoja kabla ya 1853 ambao kibarua wa Boston angeamka asubuhi, reale zake zimekuwa haramu, na bado akapata chenji ya kununulia mkate.