Nimetiwa hatiani mahakama ndogo hapa Uingereza, rufaa inakwendaje?

dereva_wa_usiku
Wakuu habari za saa hizi. Niko Midlands huku, nasambaza vifurushi na van. Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa na kesi, polisi anasema aliniona nimeshika simu nikiendesha, mimi nasema ile ilikuwa pawabenki nilikuwa naitoa mapajani maana ilishachemka, nikakana kosa, wale mahakimu watatu wakasikiliza wakatoka wakarudi, hatia. Pointi 6. Na nilikuwa na 6 za spidi tayari so 12, leseni imefungiwa miezi 6 hapo hapo. Jamaa kazini ananiambia nende Mahakama Kuu London. Alafu ninavyojua kwetu Bongo jaji wa rufaa anasoma mwenendo wa kesi tu, sasa kama na huku ni hivyo si nimeshaumia, maana dogo niliyekuwa naye kwenye van sikumwita hata kutoa ushahidi.

kapteni_mstaafu
Jamaa yako yuko sahihi, unawaomba mahakimu waandike maelezo ya kesi, Mahakama Kuu inaamua.

mama_zawadi
Kapteni utampoteza mtu. Hiyo njia ipo ila ni ya kubishania sheria, yaani kama mahakimu wameielewa sheria vibaya au wamevuka mamlaka yao. Kule hakuna wa kumuuliza polisi tena aliona nini. Na ubaya wake ukishaomba hiyo, haki ya kwenda Crown Court (mahakama ya juu ya hiyo ndogo) imekufa, sheria ya mwaka 1980 inasema hivyo.

Kaka wewe ugomvi wako ni simu au pawabenki, basi ni Crown Court. Ulikana kosa kwa hiyo ni haki yako, huombi ruhusa kwa mtu (angekuwa amekiri, kwa kawaida angelalamikia adhabu tu). Na sio kusoma faili, kesi inaanza upya kabisa, polisi anapanda tena kizimbani anaulizwa tena, na dogo wako unamleta safari hii. Nilimsindikiza mdogo wangu mwaka juzi nikategemea kuona wale raia 12 wa kwenye tivii wanaoamua kesi, wapi, alikaa jaji katikati na mahakimu wawili pembeni, wapya sio wale wa mwanzo.

Sasa muda. Ni siku 15 za kazi tangu siku ya hukumu, wikiendi na sikukuu hazihesabiwi. Notisi inaenda ofisi ya mahakama ile ile iliyokuhukumu, na nakala kwa waendesha mashtaka. Usiipeleke Crown Court mwenyewe.

dereva_wa_usiku
Asante sana mama. Na leseni nikishakata rufaa narudishiwa?

mama_zawadi
Hairudi yenyewe!! Unaomba mahakama isimamishe hilo la kufungiwa leseni mpaka rufaa isikilizwe, wanaweza kukubali wanaweza kukataa. Usiguse usukani kabla hujapata jibu, hilo ni kosa jingine kabisa na ni zito kuliko simu.

wakili_wa_kijiweni
Naongezea mawili. Crown Court inaweza pia kukuongezea adhabu, mradi isizidi kile mahakimu wenyewe wangeweza kukupa, kwa simu ukiwa na van ya mizigo ni faini mpaka pauni 2,500, na ukishindwa gharama za mashtaka zinaweza kukuangukia. La pili, uliwaeleza ukikosa leseni nani mwingine anaumia? Kukosa kazi peke yake mara nyingi hakuwatikisi, ili wasikufungie leseni wanataka kusikia shida iliyopitiliza, mfano mzazi mgonjwa unayempeleka kliniki wewe tu. Hilo unaweza kulisema upya kwenye rufaa. Na kuna wasomaji wa Glasgow humu, nyie msinakili, Scotland wana utaratibu wao.

dereva_wa_usiku
Sikusema chochote aisee, niliganda. Na mama mkwe nampeleka dialisisi mara 3 kwa wiki. Leo Alhamisi, nimehesabu zimeenda siku 7, zimebaki 8. Naijaza usiku huu, dogo nimeshampigia kasema atakuja.