Kazi ya maktaba Lamu: tumtake mwenye diploma au kijana wa hapa?

Mwanzisha mada, Mkomani

Assalamu alaikum jamaa. Naleta suala ambalo likitajwa barazani watu hugawanyika papo hapo. Tangu Katiba ya 2010, maktaba ni jukumu la kaunti, kwa hiyo swali ni letu wenyewe. Je, kazi ya maktaba ipewe aliyesomea ukutubi tu, au tuchukue kijana wetu anayejua mji, kazi ajifunze akiwa kazini?

Msimamo wangu: bila mafunzo, hapana. Ila mafunzo yalivyo sasa yametuacha nje, na hapo ndipo nataka tubishane.

Wengi wanamwona mkutubi kuwa mtu wa kugonga muhuri na kunyamazisha watoto. Tazameni sehemu moja tu ya kazi yake. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, uliotoka Marekani mwaka 1876. Maarifa yote yamegawanywa mafungu kumi, na dini iko 200. Ndani ya fungu hilo, Biblia na Ukristo zimetandaa kuanzia 220 mpaka 280 na zaidi. Uislamu wote, yaani tafsiri, hadithi, fiqhi, sira na tasawufi, umebanwa kwenye 297. Kwingine huenda hilo lisisumbue sana. Hapa kwetu, mtu akitoa wakfu vitabu vya marehemu babake, yanakuja makasha yaliyojaa vitabu vya dini vitupu. Asiyesoma atabandika 297 migongoni mwa vyote, na msomaji akitaka tafsiri itabidi apekue rafu nzima. Aliyesoma anajua nambari hupanuliwa kwa nukta: Qur'ani 297.122, tasawufi 297.4, na kuendelea. Hilo halipatikani kwa kukaa karibu na kabati.

Mzazi, Langoni

Ndugu yangu, sawa, lakini nani atasomesha? Binti yangu amemaliza kidato cha nne na anapenda vitabu. Niliambiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ndiko kwenye jina katika fani hii. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita elfu moja. Karo, chumba, nauli, na mtoto wa kike peke yake mbali hivyo. Tukifanya diploma iwe sharti, tumeshasema kazi ni ya mtu wa bara. Atakuja, na kabla hajajua vichochoro ataomba uhamisho.

Mkutubi, Shela (sasa niko Mombasa)

Mama, uliyosema ni kweli, na mimi ni ushahidi. Fani hii tangu mwanzo imekuwa mbali na Pwani. Shule ya kwanza ya ukutubi Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere mwaka 1963. Kitivo cha Moi kikaja 1988. Watu wa visiwani tumekuwa tukifunga safari.

Nilifundishwa kuorodhesha, kuainisha, huduma za marejeleo na programu za maktaba. Nashukuru, kazi naiweza. Lakini hakuna somo hata moja lililonifunza kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Niliporudi likizo jirani alinitolea daftari la mkono la bibi yake, wino umefifia, akaniuliza ni nini. Niliona mara moja kuwa ni utendi, vina vimepangana kwenye safu. Diploma haikuniambia hivyo. Nilivyoweza kuusoma ni kwa ajili ya chuo cha Qur'ani nilichosomea utotoni, chini ya maalimu. Sasa nauliza: mkutubi wa Lamu asiyeweza kusoma hati za Lamu ataziorodhesha vipi?

Hati za Msikiti wa Riyadha, hapa Lamu, zilipigwa picha kupitia mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Ni kazi njema sana. Lakini picha haizuii mchwa kula asili. Lazima abaki mtu hapa anayejua kuitunza.

Mwalimu mstaafu, Mkomani

Mnanisikitisha. Kabla ya hizo diploma vitabu vilitunzwa na nani? Na masharifu, na wenye nyumba, kwenye zidaka za ukutani na makasha. Kizazi baada ya kizazi. Uaminifu wa amana hausomewi chuo kikuu. Chukueni kijana mwaminifu, basi.

Mwanzisha mada

Shikamoo mwalimu wangu. Vilitunzwa, kweli, na vingi vikatupotea. Nimeshika msahafu wa zamani uliozibwa kwa selotepu na mtu mwaminifu kabisa, mwenye mapenzi nao. Gundi imegeuka manjano, imeingia ndani ya karatasi, na ukijaribu kuibandua inaondoka na herufi. Aliyefunzwa angetumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo ikilazimu hulainishwa kwa maji. Kuta zetu za mawe na chokaa nazo hunyonya unyevu masika, na kitabu kilichoegemezwa ukutani huota kuvu kwa nyuma bila mtu kuona. Rafu hutengwa na ukuta, hewa ipite. Amana inataka moyo na ujuzi pamoja, mwalimu. Yule mtu hakukosa moyo.

Mwalimu mstaafu

Hapo nakubali kidogo. Lakini yule wa karatasi ya Kijapani asiyejua alifu na be, simtaki vilevile.

Mkutubi, Shela

Basi tumekaribiana. Watanzania wana chuo cha maktaba na nyaraka Bagamoyo tangu 1989, mji wa pwani kama wetu, si jiji kuu. Kwa nini Pwani yetu isiwe na kozi ya cheti inayofunza Dewey asubuhi na khati, yaani maandishi ya herufi za Kiarabu, alasiri? Walimu wa khati tunao. Mazoezi yafanyike Ngomeni, kwenye ngome ya zamani ya Lamu, maktaba iko pale pale.

Mzazi, Langoni

Na mshahara? Msije mkamsomesha mwanangu halafu akalipwa kibarua.

Mwanzisha mada

Swali la haki, na lazima liingie kwenye pendekezo. Nimeandika hivi, tulipeleke kwenye kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti: anayeajiriwa awe na cheti cha ukutubi angalau, na aweze kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Asiye na cheti lakini anajua khati, kaunti imlipie masomo, naye atie sahihi kuitumikia kaunti miaka kadhaa akirudi. Awekwe daraja la mtaalamu, si la mhudumu.

Mwenye kupinga sehemu yoyote aiseme hapa kabla sijaichapa. Mwalimu, wewe nakungoja hasa kwenye hilo la cheti.

Mwalimu mstaafu

Ongeza kwamba mtihani wa khati usimamiwe na maalimu wa hapa, nami nitatia sahihi.