Nataka kufungua duka la rejareja Mbagala, nitegemee nini miezi ya mwanzo?

mama_wawili: Habari wakuu. Nina milioni 4, nataka nifungue duka la vyakula huku Mbagala. Fremu nimeshaiona ila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Kazi nimeshaacha na watoto wananitegemea, naombeni ukweli, mwanzo unakuwaje?

Mama Duka: Hongera mdogo wangu. Kwanza usiihesabu hiyo 4 yote kuwa ni mzigo, ukitoa kodi, dalali, shelfu na mzani, ya kwenda nayo Kariakoo inabaki nusu hivi. Alafu mauzo sio faida, hapo ndo wengi wanapozama. Chukua sukari, mfuko wa kilo 50 unatakiwa utoe robo 200 lakini mkono ukiwa mzito kila robo inazidi kidogo, mfuko unaisha umepata 190 na faida yote imeshaondoka na wateja. Pima usiku ukishafunga, tia kwenye vifuko kabisa, asubuhi watu wakijaa huna presha. Na mchele wa kupika nyumbani ukiuchukua dukani lipia, au andika, vinginevyo hutajua mtaji umeliwa na nani.

kijana_temeke: TRA, watu wa kodi ya serikali, usiwaogope dada, TIN (namba ya mlipakodi) ni bure kabisa, usikubali mtu akuchaji. Leseni unaipata halmashauri. Ila andika mauzo kila siku hata kwenye kaunta buku. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi lakini hiyo ni kama elfu 11 tu kwa siku, duka la chakula litapita hapo haraka, na usipokuwa na kumbukumbu unapangiwa kiwango cha kulipa. Mikopo usitoe hata kwa dawa.

Mama Duka: Hapo kwenye mikopo sikubaliani na wewe mwanangu. Uswahilini ukikataa kabisa wanahamia duka la pili, na hata siku wana hela taslimu wanaenda hukohuko. Mpe unayejua mshahara wake unaingia lini, weka kiwango, na akifika hapo hapewi tena mpaka alipe, hata kama ni mama mwenye nyumba. Huyo hasa, maana ataanza kusema mkate wa leo tutakatana kwenye kodi, na miezi sita umeshalipa.

mama_wawili: Asanteni sana jamani. Na friji ninunue saa hizi? Watoto wa shule wanapita hapo wengi.

kijana_temeke: Subiri. Umeme wa Luku utakula faida ya soda kabla hujajua mauzo yako yakoje. Anza na unga, mafuta ya kupima, sabuni na vocha, vinavyotoka kila siku.

Mama Duka: Hapo tuko pamoja. Na mwenye nyumba mbembeleze achukue ya miezi mitatu, fremu ikiwa imekaa wazi muda mrefu huwa wanalegea.