Bakteria wa utumbo na moyo: je, nimwachishe mama samaki?

Binti Pangani:
Ndugu zangu, naomba mnieleweshe. Mama yangu ana shinikizo la damu, na tangu utotoni mwake hapiti siku bila samaki. Nimesoma kwamba bakteria waishio utumboni huchangia kutengeneza TMAO, kemikali inayohusishwa na kuziba kwa mishipa ya moyo, na kwamba samaki wa baharini wanayo tayari mwilini mwao. Je, nimwachishe?

Mfamasia Moshi:
Dada, usiharakishe. Kolini iliyomo kwenye mayai na maini, pamoja na kanitini ya nyama nyekundu, zikifika utumboni huvunjwa na bakteria, wakatoa gesi ya TMA ambayo huingia kwenye damu na kugeuzwa na ini kuwa TMAO. Mwaka 2013 watafiti wa Cleveland Clinic ya Marekani, akiwemo Stanley Hazen, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 4,007 kwa miaka 3: wenye TMAO nyingi zaidi ndio waliopatwa zaidi na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo. Katika utafiti huohuo, watu wenye afya walikula mayai mawili ya kuchemsha na TMAO ikapanda. Walipotumia antibayotiki kisha wakala tena, haikupanda, na dawa ziliposimamishwa ikarudi. Hapo ndipo mchango wa bakteria ulipodhihirika. Tafadhali, asiwepo wa kumeza antibayotiki kwa sababu hiyo!

Muuguzi Mstaafu:
Mwanangu, mfamasia amesema kweli, ila samaki wako bado hajajibiwa. Samaki wa baharini huweza kupandisha TMAO kuliko hata nyama, lakini tafiti za lishe hazionyeshi kwamba walaji samaki huugua moyo zaidi; nyingi huonyesha kinyume. Kwa hiyo mimi siichukulii TMAO peke yake kuwa hukumu. Jambo lingine ni figo, kwa kuwa ndizo huitoa kwa njia ya mkojo, na shinikizo la muda mrefu huzidhoofisha; mpeleke mama akapimwe figo kwanza. Samaki mbichi, yaani asiyekaushwa kwa chumvi, aendelee kumpika na kumla. Ng'onda na papa mkavu ndio apunguze, kwa sababu ya chumvi.

Binti Pangani:
Shikamoo mama, nashukuru sana. Je, kunde na ugali wa dona vinasaidia?

Muuguzi Mstaafu:
Marahaba. Vinasaidia, kwani bakteria huchachusha nyuzinyuzi zake na kutoa asidi, kama vile butireti, zinazolisha ukuta wa utumbo na kutuliza uvimbe mwilini. Aongeze kidogo kidogo, tumbo lisije likajaa gesi, na dawa za shinikizo asiziache.