London mpaka Copenhagen kwa treni na bi mkubwa asiyetaka ndege, inawezekana au najitafutia balaa?

BintiKikwajuni

Asalaam aleykum jamani. Mie na bi mkubwa wangu inshaallah mwezi wa saba tunakwenda London kwa kaka, viza ya Uingereza tushapata alhamdulillah, halafu wiki ya pili yake kuna harusi ya mtoto wa mamdogo Copenhagen. Sasa tatizo ni bi mkubwa. Mwaka juzi alikwenda Umra, ndege wakati inashuka masikio yakamuuma mpaka akalia, wiki nzima hasikii vizuri upande mmoja, na toka siku ile kasema ndege anapanda ya kwendea na ya kurudia basi, hiyo ya katikati mutapanda wenyewe. Kaka anasema mpandishe tu, saa mbili mushafika, lakini yeye hajalala nae chumba kimoja akamsikia anavyolalama usiku.

Mie nimetizama ramani nikaona reli imetoka London imepita chini ya bahari ikaenda mpaka huko huko, nikasema si tupande treni. Nataka mtu aliekwenda mwenyewe anambie, maana mie treni niliyopanda maishani ni moja tu, ile ya umeme ya Dar Dodoma, na ile unapanda unakaa unashuka, hamna cha kubadilisha. Bi mkubwa ana miaka 67, anatembea vizuri ila ngazi zinamchosha. Na mabegi tunayo, si munajua harusi.

AmiCopenhagen

Waleykum salaam binti yangu. Inawezekana, mie njia hiyo nshakwenda mara nne tano, lakini usiende ukidhani ni treni moja. Ni nne. London mpaka Brussels kama saa mbili, hiyo ndo inayopita handaki la baharini, lilifunguliwa 1994, lina kilomita 50 na kama 38 katika hizo ziko chini ya bahari, ila usimuhadithie bi mkubwa mpaka mushatoka upande wa pili. Mwenyewe hata hatojua, nje kiza dakika ishirini halafu unaona mashamba ya Ufaransa. Brussels mpaka Cologne kama saa mbili tena, Cologne mpaka Hamburg kama saa nne, na Hamburg mpaka Copenhagen karibu saa tano. Ukijumlisha na kungoja hapa na pale siku nzima imekwisha na usiku juu yake, kwa hiyo mtu na mama yake asijaribu kwenda moja kwa moja. Laleni Hamburg. Hoteli ziko tele karibu na stesheni.

Muhimu kuliko yote ni viza. Ya Uingereza haikuingizi Ulaya huku, munataka ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na muombe kabla hamjatoka nyumbani, kwa sababu mgeni wa kutembea akishafika London kwa kawaida hapokelewi, wanataka mkaazi wa pale. Maombi wanapokea mpaka miezi sita kabla ya safari, musingoje wiki ya mwisho. Na muombe ya Denmark kwa sababu huku ndo munakokuja kukaa, hata kama ukaguzi utafanywa na polisi wa Kifaransa pale pale stesheni ya St Pancras kabla hamjapanda. Toka Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya wa alama za vidole na picha, kwa hiyo fikeni mapema, si kama boti ya bandarini kwetu Malindi, Unguja, unakuja mbio kamba inafunguliwa.

Halafu nikwambie kitu kitakachomfurahisha mama. Zamani treni ya Hamburg ilikuwa ikifika ufukweni, pahala panaitwa Puttgarden, inaingia ndani ya meli! Treni zima na mabehewa yake, wakaifunga, abiria tukashuka tukapanda juu kula upepo, dakika 45 tuko Rødby upande wa Denmark tunarudi kwenye viti vyetu safari inaendelea. Mara ya kwanza niliona kama mazingaombwe. Wameiacha mwisho wa 2019, sasa treni inazunguka nchi kavu kupitia Kolding na Odense, na pale chini wanajenga handaki la kilomita 18, vipande vikubwa vya zege wanavizamisha mpaka chini ya bahari wanaviunga. Likimalizika Hamburg itakuwa karibu sana, lakini la kwenu la mwezi wa saba halitokuwahini.

Sitaki_Tena

Dada mie nakuomba mpandishe ndege. Mpe vidonge, mpe peremende atafune, mpeleke kwa daktari wa masikio kabla, lakini usimtie kwenye mateso haya.

Nilikwenda na mke wangu na mtoto wa miaka mitatu njia hiyo hiyo. Mie mjanja, nikatafuta bei rahisi kwenye intaneti, kipande hiki kwa kampuni hii, kipande kile kwa kampuni ile, nikajiona nimeokoa pesa. Treni ya kutoka Brussels imesimama katikati ya mashamba, tangazo linatoka kwa lugha tatu na zote sizijui vizuri, tukaingia Cologne dakika 70 nyuma ya saa. Treni yetu ya Hamburg ishaondoka zamani. Nakwenda dirishani, yule bibi ananitizama tiketi ananambia hii ilikuwa ya treni ile tu na hao waliokuchelewesha si sisi, kawaulize wao. Nawauliza wao wananambia sisi tumekufikisha Cologne, tulichouza ni Cologne. Sasa nani mwenye kosa? Hakuna! Nimelipa tiketi mpya kwa bei ya siku ile ile, na bei ya siku ile ile huko musiulize, tumefika Hamburg saa tano usiku, ya Denmark ya mwisho hamna, hoteli sikulipia kwa sababu mie mjanja. Tumekaa kwenye viti vya chuma mpaka alfajiri, mtoto kalala juu ya begi, choo cha kulipia, na lifti ya kwenda jukwaani mbovu nimebeba kigari cha mtoto ngazi zote.

Baadae nikajaza fomu ya kudai. Nikarudishiwa robo ya nauli ya kipande kimoja, wallah haikufika bei ya chai na mkate tulokula asubuhi ile.

AmiCopenhagen

Pole ndugu yangu, lakini hapo umejitaja mwenyewe, tiketi mbalimbali ndo iliyokuponza. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema ukichelewa kufika saa nzima unarudishiwa robo ya nauli, saa mbili na zaidi nusu. Ukiwa na tiketi MOJA ya safari nzima inahesabiwa kule mwisho ulikokuwa unakwenda, na wanalazimika kukupakia treni nyengine ukikosa ya kuunganisha. Ukiwa na tiketi nne wewe una safari nne ndogo ndogo na hakuna anaekujua.

Mwanafunzi_Ujerumani

Nimesoma hapo juu nimecheka na nimesikitika maana nimeona mambo hayo hayo. Watu wetu wanadhani Ulaya ni nchi moja basi na reli ni moja. Kila nchi ilijenga yake kwa akili yake. Umeme wenyewe wa reli si mmoja, Ujerumani volti 15,000, Denmark kwenye reli kubwa 25,000, Ubelgiji nyingi ni 3,000 na tena wa aina nyengine, kwa hiyo injini inayovuka mipaka lazima ijue umeme wa kila pahala na taa za ishara za kila pahala. Na kuuza tiketi ndo hivo hivo, kila mmoja na duka lake.

Na kabla hatujawacheka tukumbuke kwetu. Bara hapo reli ya kati ya zamani upana wake mita moja, Tazara, ile ya kwenda Zambia, milimita 1,067, hii mpya ya umeme 1,435, nchi moja reli tatu hakuna inayoingia juu ya mwenzake, mzigo ukitoka hii kwenda ile unashushwa unapakiwa upya.

Watu wanauliza pia kwa nini ndege iwe rahisi kuliko treni wakati inaruka angani. Moja katika sababu, mafuta ya ndege za kimataifa hayatozwi kodi kule, na treni umeme wake unalipiwa na njia ya reli inalipiwa kila kilomita. Mie napanda treni kwa sababu ya moshi wa ndege, kusema kweli, lakini kila nikikata tiketi roho inaniuma.

Dada ushauri wangu: kipande cha London mpaka Cologne kinapatikana kwa tiketi moja, na Cologne mpaka Copenhagen tiketi moja ya pili. Baina yake ukiweka saa tatu za kungoja umemaliza ugomvi, nje ya stesheni ya Cologne tu kuna lile kanisa refu jeusi, kaeni hapo mutizame watu. Nafasi za kukaa zilipieni, mwezi wa saba ile ya Denmark inajaa watu wanasimama mpaka mlango wa choo. Na kwa ajili ya bi mkubwa omba msaada wa stesheni, unatakiwa uombe angalau saa 24 kabla, wanakuja na kiti cha magurudumu. Asione haya kukaa.

Mpemba_Halisi

Yakhe nyie munasema treni mie hapa Mkoani natizama boti tu. Bi mkubwa huyo kama anaweza mkondo wa Nungwi mwezi wa saba kusi likivuma, hakuna treni itakayomshinda dunia hii. Treni haitapishi.

Ila Waunguja musijifanye treni hamuijui, si ilikuwepo ya mjini mpaka Bububu, Wamarekani ndo walojenga mwaka 1905, kama kilomita 11, ikipita mlangoni mwa watu mjini humo. Marehemu babu alikuwa akisema eti Bububu ni mlio wa ile treni, bu bu bu. Babu alikuwa muongo kidogo Mungu amrehemu, maana Bibi Salme, yule binti wa Sultani, alikaa Bububu kabla ya kukimbia 1866, na reli hata haijaotwa.

Mie swali langu, huko treni ya nchi moja ikiingia nchi nyengine si mutashushwa na mabegi mukapange foleni kama Tunduma? Bamdogo wangu alikuwa akenda Zambia kwa Tazara, kilomita 1,860 Dar mpaka Kapiri Mposhi, anasema pale mpakani ndo raha, maafisa wanapanda humo humo, wabadilisha pesa nao wanapanda humo humo, wauza ndizi humo humo, huwezi kujua nani afisa.

AmiCopenhagen

Hahaha Mpemba. Mpakani hushuki. Lakini polisi wa Denmark wanapanda, toka 2016 wamerudisha ukaguzi, wanapita behewa kwa behewa, na nisiwafiche, mwenye sura kama zetu na buibui lake ataulizwa pasi wakati jirani yake anasoma gazeti. Binti, pasi zote mbili ziwe mkononi, na barua ya mwaliko wa harusi. Ukijibu kwa utulivu dakika mbili washakwenda zao.

BintiKikwajuni

Ahsanteni sana, Mungu awalipe, hamjui mumenisaidia vipi. Bado nna maswali mawili. Mabegi yanapimwa? Maana bi mkubwa ana begi zima la kanga na udi na mikeka, na haluwa vibakuli sita. Na chakula cha halali na sala mulikuwa munafanyaje?

Mwanafunzi_Ujerumani

Hayapimwi kilo! Hapo ndo treni inapoishinda ndege. London kuna mashine ya kupitisha mabegi kama uwanjani na idadi yana mpaka wake, tizama kwenye tiketi, lakini hakuna mtu na mizani. Kasoro yake, unabeba mwenyewe. Hakuna wachukuzi wa kukimbilia mzigo wako kama Malindi, unapandisha begi, unashusha begi, dakika tano treni inaondoka, kwa hiyo begi lisizidi uwezo wa mkono wako wewe si wa kaka. Chakula pikeni kwa kaka, mkate wa kumimina na mayai, vya nyama musivuke navyo kwa sababu toka Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya nyama na maziwa kutoka kule haviruhusiwi kuingizwa huku, sambusa za mboga basi. Sala mie huwa nachanganya na kupunguza, ni msafiri, nasali nimekaa kitini au stesheni pembeni, treni inageuka kibla kinageuka, Mungu anajua.

Sitaki_Tena

Na chenji ya choo. Usije ukasema hukuambiwa. Sarafu, si noti.

BintiKikwajuni

Nimemsomea bi mkubwa yote jana baada ya isha, hata ya Sitaki_Tena nimemsomea, kasikiliza kimya. Viza ya Schengen tunakwenda kuomba wiki ijayo, Hamburg tutalala usiku mmoja, tiketi mbili tu, na ya pili naiweka saa tatu baadae kama mulivosema. Kaka kanuna lakini atalipa nusu.

Kitu pekee kilichomuudhi ni ile meli. Kaniuliza mara tatu, "sasa kwa nini waliiacha, wazima hao?" Anasema angeipanda hiyo hata kila mwaka. Na haluwa ataibeba mwenyewe mkononi mpaka Copenhagen, hamuamini mtu.