Naediti kila siku lakini sioni napopanda. Nifanye mazoezi gani?

MkasiMpya: Habari wakuu. Mimi ni mwanafunzi, nina miezi saba tangu nianze kuediti video. Natumia programu ya kuediti ya DaVinci Resolve, ile ya bure. Madoido, maandishi yanayoruka, rangi, vyote naviweza. Lakini nikimwonyesha mtu kazi yangu, dakika haijaisha anashika simu. Inaniuma, maana kazi hii naipenda. Nifanyie nini muda wangu baada ya vipindi?

JichoLaFremu: Mkuu, weka madoido pembeni mwezi mzima. Mimi nilitolewa gizani na klipu za rafiki yangu akifunga kamba za viatu na kutoka mlangoni. Nilimrekodi kwa simu mara sita, kila mara upande tofauti, kisha nikaziediti klipu hizohizo kila jioni kwa wiki mbili. Leo sekunde 10, kesho 40. Leo kama kachelewa, kesho kama hataki kuondoka. Hiyo ya mwisho sitaisahau. Niliuacha mkono wake juu ya kitasa fremu 20 zaidi kabla ya kukata (fremu ni picha mojamoja zinazounda video; kwa fremu 25 kwa sekunde, hata sekunde moja haifiki), akaonekana ana huzuni nzito. Kumbe siku ile alikuwa anasubiri tu nimwambie atoke!

Na ukikata, kata mkono ukiwa bado njiani kwenda kwenye kitasa. Jicho linafuata mwendo, kiungo cha klipu mbili halikioni.

MkasiMpya: Na sauti? Kila nilipokata nasikia "tk".

SikioKwanza: Hapo umelikata wimbi la sauti katikati. Fifisha sauti fremu moja au mbili kwenye kila kiungo, itaondoka. Ukirekodi, kaeni kimya sekunde 30 uchukue ukimya wa chumba chenyewe, utaziba nao mapengo. Halafu jaribu mlango usikike kabla haujaonekana. Kazi yangu yoyote naipitia mara moja nimefumba macho, mara moja bila sauti.

MkasiMpya: Nimemrekodi mdogo wangu jioni hii, mara nne. Kwenye klipu moja kafungua mlango kwa mkono wa kushoto, nyingine kwa wa kulia. Siwezi kuziunga.

JichoLaFremu: Pachika picha ya kiatu kikipiga hatua katikati ya klipu hizo mbili, fremu 15 zinatosha. Halafu mrekodi tena kesho, na safari hii mwangalie mikono.