Redio ya umma ya mkoa: mgeni anaulizwa swali moja tu, msikilizaji anakatiwa simu, kisha muziki!

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba uzi huu uachwe ulivyo, usiunganishwe na ule wa ratiba za matangazo. Hili ni jambo jingine kabisa.

Jana asubuhi kipindi cha mazungumzo cha redio ya umma ya mkoa wetu kilimleta studio kiongozi wa baraza la mji kuzungumzia mradi wa maji. Mama mmoja akapiga simu. Aliongea kwa adabu zote: mabomba yamefukiwa, mkandarasi amelipwa na kuondoka, lakini mtaani kwao tone halijatoka, je, ni nani aliyekagua kazi ile na kusaini kwamba imekamilika? Swali lenyewe ndilo hilo, fupi, na jibu lake ni jina la mtu au cheo chake. Mheshimiwa akajibu: "Suala hilo tumelipokea na linafanyiwa kazi." Nikategea sikio, nikisubiri mtangazaji aseme, "Mheshimiwa, mama ameuliza nani alisaini." Hakusema. Alisema, "Asante sana kwa ufafanuzi mzuri," muziki ukaingia. Na simu ya yule mama walishaikata kabla jibu halijaanza, kwa hiyo hata nafasi ya kusema "sijajibiwa" hakuipata.

Nina hasira na yule mtangazaji kuliko hata na mheshimiwa. Mwanasiasa kukwepa swali ni jambo tulilolizoea. Lakini mtu aliyekalishwa kwenye kile kiti, analipwa kwa fedha za umma, kazi yake ya kwanza ni swali la pili. La kwanza kila mtu anaweza kuuliza, hata mgeni mwenyewe anaweza kuja nalo limeandikwa kwenye karatasi. Swali la pili ndilo linaloonyesha kama mtangazaji alisoma nyaraka za mradi kabla ya kuingia studio, na kama alikuwa anasikiliza au anaangalia saa.

Najua kuna watakaosema, "Mkuu, hamia redio binafsi." Redio binafsi inaishi kwa matangazo ya biashara, ikiona kipindi cha bajeti ya baraza hakileti mtangazaji wa bidhaa inakiondoa, na kwa hesabu zake haijakosea. Redio ya umma ilianzishwa kwa ajili ya yale yasiyouzika. Ada ya leseni au kodi tunalipa wote, hata wa kijijini ambaye hakuna kampuni inayomtaka kama mteja. Sasa kama na hii nayo inaogopa kumuudhi kiongozi, huyo wa kijijini aende wapi?

Sababu wanayotupa kila tukilalamika simu kukatwa ni kwamba mtu anaweza kutukana hewani. Jamani, tatizo hilo lina dawa ya miaka mingi. Vituo vingi vya mazungumzo ya moja kwa moja vinachelewesha matangazo kwa sekunde chache. Mtu akitukana, fundi anabonyeza kitufe, tusi halifiki kwa msikilizaji, kipindi kinaendelea. Juu ya hapo kuna mtu anayepokea simu kwanza, anauliza jina na hoja, ndipo anamuunganisha. Kwa hiyo anayekatwa pale si mtukanaji. Anayekatwa ni mwenye swali gumu. Badala ya simu, mara nyingi sasa wanasoma ujumbe mfupi, na ujumbe unaosomwa ni ule wa salamu na pongezi. Wengi tumetuma maswali ya bajeti, hayasomwi.

Jingine linaloniuma ni vikao vya baraza. Huko ndiko mambo yetu yanakoamuliwa: zabuni, ada, barabara ipi ilimwe na ipi isubiri. Mwandishi wa redio ya mkoa alitakiwa awe amekaa pale nyuma na daftari lake. Haendi. Anasubiri taarifa iliyoandikwa na ofisi ya uhusiano, mtangazaji anaisoma kama ilivyo, mpaka "kwa juhudi kubwa za" inasomwa hewani kana kwamba ni habari. Diwani aliyepinga hoja jina lake hulisikii. Kura zilikwendaje husikii. Halafu ukifika uchaguzi tunaambiwa tuchague kwa kuangalia rekodi ya mtu. Rekodi gani, iliyowekwa na nani?

Na hapa sitawatupia lawama wa chini peke yao. Mtangazaji wa mkoani mara nyingi ndiye huyo huyo mwandishi, mhariri na fundi. Wakubwa wanapunguza watu, saa za mkoa zinamegwa, pengo linajazwa na matangazo ya kuunganishwa kutoka makao makuu. Ugonjwa huu umeingia hata kwenye mashirika makubwa. BBC ilifungua kituo chake cha kwanza cha redio ya eneo mjini Leicester Novemba 1967. Oktoba 2022 shirika hilo hilo likatangaza kwamba vituo vyake 39 vya maeneo vya England vitagawana vipindi kuanzia saa nane mchana, yaani sauti moja ihudumie maeneo kadhaa kwa pamoja. Waandishi waligoma mwaka 2023, mpango ukapita. Marekani nako, Julai 2025 Bunge liliondoa dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimeshatengewa utangazaji wa umma kwa miaka miwili, na Agosti shirika lililokuwa likigawa fedha hizo tangu sheria ya mwaka 1967 likatangaza kufunga shughuli zake. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa inakwenda kwenye vituo vya maeneo, na vinavyoumia zaidi ni vidogo vya vijijini, ambavyo havina wafadhili matajiri wa kuwachangisha.

Ila hoja ya fedha isitumike kufunika kila kitu. Kumwambia mheshimiwa "hujajibu" ni bure. Kumwacha aliyepiga simu abaki kwenye laini mpaka jibu liishe, gharama yake haionekani hata kwenye vitabu.

Utamaduni ndiyo usiseme. Kipindi cha utamaduni kimebaki kuwa nyimbo zile zile na mtangazaji akisema "tukumbuke tulikotoka". Wazee wanaojua kwa nini wimbo fulani ulitungwa, nani alikuwa anasemwa ndani yake na ugomvi uliishaje, bado wapo, na hakuna anayewafuata na kinasa sauti. Kanda za zamani za kituo zimerundikwa stoo bila kuhamishiwa kwenye kompyuta, na kanda ikishaingiwa na unyevu inaanza kunata, ikizungushwa mashineni tabaka lenye sauti linabanduka. Ikifika hapo sauti imeondoka.

Wapo wanaodhani ninadai ndoto. Canada, tangu mwaka 1941, redio ya umma ilikuwa na kipindi cha wakulima ambapo majirani walikusanyika nyumbani kwa mtu, wakasikiliza, wakajadili maswali waliyotumiwa kabla, kisha wakapeleka majibu yao kituoni na muhtasari wake ukarudishwa hewani. Kaulimbiu yao ilikuwa soma, sikiliza, jadili, tenda. Tanzania nayo mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwaweka watu wazima wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakitoka hapo wanachimba vyoo na kusafisha visima. Posta na redio za betri tu! Leo kila mtu ana simu mfukoni, tunashindwa kumwachia mama mmoja dakika mbili.

Ninachotaka ni hiki. Anayepiga simu asikatwe mpaka aseme kama amejibiwa. Mgeni aliyeahidi kurudi na majibu apangiwe tarehe hewani, na siku hiyo asipotokea, swali lisomwe tena na jina lake litajwe. Mwandishi aende kwenye vikao vya baraza. Vipindi virekodiwe na kuwekwa mtandaoni vikiwa kamili, visikatwe yale maswali makali kama wanavyofanya sasa.

Barua nimeshaipeleka kwa meneja wa kituo, kimya. Ngazi inayofuata ni bodi, na malalamiko yanakuwa na uzito zaidi yakitaja tarehe na saa ya kipindi. Kwa hiyo mwenye rekodi ya kipindi cha jana, hasa ile sehemu ya simu ya yule mama, naomba aje PM (ujumbe wa faragha). Na kama wewe mwenyewe umewahi kukatiwa simu kwenye redio ya umma ya mkoa wako, andika hapa chini uliuliza nini.